Je, wajua kwa nini wale nyani watatu wa kwenye simu yako wamechongwa juu ya banda la farasi?

Unawajua vizuri. Mmoja kajiziba macho, mwingine masikio, mwingine mdomo. Kila siku wanazunguka kwenye makundi ya WhatsApp: mtu akiona aibu anatuma wa macho, akiponyokwa na siri anatuma wa mdomo. Mchongo wao maarufu kuliko yote uko Nikko, mji mdogo wa milimani kaskazini mwa Tokyo. Haumo ndani ya hekalu wala hauko kwenye lango kuu. Uko kwenye banda la farasi.

Familia iliyoko Tokyo inaweza kwenda Nikko asubuhi na kurudi jioni, kwani treni ya haraka kutoka kituo cha Asakusa huchukua kama saa mbili. Ukishuka, unapanda barabara ya maduka hadi daraja jekundu la Shinkyo, lililo juu ya mto Daiya. Inasimuliwa kwamba hapo, katika karne ya 8, mtawa aitwaye Shodo alivushwa na nyoka wawili, akaenda kuanzisha ibada katika milima hii. Ng'ambo ya daraja unaingia kwenye msitu wa mierezi mirefu, na ndani ya msitu huo ndimo yalimo mahekalu. Tangu 1999 UNESCO imeyaweka kwenye orodha ya urithi wa dunia, majengo 103 kwa jumla.

Hekalu linalovuta watu wengi zaidi ni Tosho-gu, la Kishinto, dini ya asili ya Wajapani, alikozikwa Tokugawa Ieyasu. Huyu ndiye aliyeanzisha utawala wa ukoo wa Tokugawa mwaka 1603, utawala ulioongoza Japani hadi 1868. Alifariki 1616, akiacha wosia kwamba mwaka mmoja baadaye ajengewe hekalu dogo Nikko. Likajengwa. Lakini mjukuu wake, Iemitsu, hakuridhika na udogo huo. Kati ya 1634 na 1636 alilijenga upya kwa dhahabu, rangi na nakshi zaidi ya 5,000.

Ukipita lango la kwanza, kuna ghala lenye tembo wawili waliochongwa juu kabisa. Mchoraji wao, Kano Tanyu, hakuwahi kumwona tembo, alichora kwa kusikia tu. Mtoto aliyekwisha kuwaona tembo wa Mikumi au Amboseli atagundua mara moja kwamba masikio na mikia imekaa visivyo. Mwache akueleze. Mimi nawapenda sana tembo hawa, maana mkono wa fundi unaonekana ukijitahidi kufikia kitu ambacho jicho halijakiona.

Karibu na hapo ndipo penye banda. Katikati ya majengo yanayong'aa, lenyewe ni la mbao tupu, halikupakwa rangi, na limetengwa kwa ajili ya farasi mtakatifu wa hekalu. Sasa nyani wanatafuta nini hapa? Jibu ni imani ya kale iliyofika Japani kutoka bara la Asia, kwamba nyani humlinda farasi na maradhi. Watu walifuga nyani kwenye mabanda yao, au wakaweka sanamu yake. Kwa hiyo mafundi wa Iemitsu walipochonga nyani juu ya banda, walikuwa wanamwekea farasi mlinzi.

Kujiziba ni habari nyingine, na hapo lugha ndiyo iliyofanya kazi. Sisi tukikanusha tunaanza na ha-: haoni, hasikii, hasemi. Kijapani cha kale kinakanusha mwishoni mwa neno, kwa -zaru: mizaru, kikazaru, iwazaru. Nyani kwa Kijapani ni saru, na neno hilo likiunganishwa nyuma ya jingine, s yake mara nyingi hugeuka z. Basi ukisema "haoni" unasikika kama unamtaja nyani. Wazo la kutotazama, kutosikiliza na kutosema yasiyofaa ni la zamani zaidi, limo hata katika mafundisho ya Confucius wa China, ila huko hakuna nyani. Nyani wametokana na mchezo huo wa maneno.

Wengi hupiga picha hapo na kuondoka, na hilo linanisikitisha, kwa sababu watatu hao ni ubao mmoja tu kati ya minane. Mbao zote kwa pamoja zinasimulia maisha ya mtu tangu utotoni, na huu ni wa pili, ubao wa watoto. Wale si watu wazima wanaokwepa ukweli au kuogopa kusema, kama tunavyowatumia kwenye simu. Ni watoto wadogo, na ujumbe unamlenga mzazi: angali mdogo, mkinge na mabaya, asiyaone, asiyasikie, asiyaseme.

Panda kwanza, mbao nyingine utazisoma ukirudi. Juu kuna lango la Yomeimon lenye nakshi 508, na nguzo yake moja imechongwa mapambo juu chini kwa makusudi, kwa kuwa waliamini kitu kikishakamilika huanza kuharibika. Ukilipita, kuna paka mdogo anayelala juu ya mlango, na upande wa pili wa ubao wake shomoro wanacheza bila hofu. Kisha ngazi 207 za mawe hadi kaburini. Watoto watalalamika. Chakula cha mchana kiwe yuba, utando unaotandaa juu ya maziwa ya soya yakichemshwa, kama malai ya maziwa ya ng'ombe. Nikko huukunja mara mbili, kwa hiyo ni mnene na hujaa mchuzi.

Mnaposhuka mtapita tena bandani. Ubao wa tatu, nyani kijana ameketi peke yake, bado hajasimama. Wa nne, wanatazama juu mawinguni. Wa tano, mmoja ameinama ameshindwa, na rafiki amemwekea mkono mgongoni. Wa sita ana mawazo ya mapenzi. Wa saba, wawili wanayakabili mawimbi pamoja. Wa nane ana mimba.

Hapo itabidi mrudi mwanzo, kwenye ubao wa kwanza. Mama ameweka kiganja juu ya macho, anatazama mbali, kwenye miaka ambayo mwanawe hajaifikia. Mtoto haangalii huko. Ameinua shingo, anamtazama mama usoni.