Kwenda Windows 11 hakufuti mafaili yako

Jamani, hii ya kwamba ukitaka kutoka Windows 10 kwenda 11 lazima upigiwe windows upya na kila kitu kifutike si kweli, na inaniuma sana maana watu wamebaki kwenye 10 ambayo Microsoft waliacha kuipa sapoti ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kisa wanaogopa kupoteza picha za harusi.

Kinachofuta ni kupiga upya, yaani unabuti (unawasha mashine) na flashi halafu unaformati ile patisheni, sehemu ya diski yenye Windows. Ukiapdeti kutoka ndani ya Windows yenyewe, mafaili na programu zinabaki. Mfumo wa zamani nao haufutwi papo hapo, fungua diski C utakuta folda inaitwa Windows.old, ndo huo, na una siku 10 za kurudi kwenye 10 kama hujapenda, zikipita folda inafutwa yenyewe.

Ila bakapu fanya, tafadhali, kopi vitu vyako kwenye eksteno kwanza, kwa sababu umeme ukikatika katikati kwenye desktop isiyo na UPS (betri ya akiba) mambo yanaweza kuharibika kweli, na ukiona asilimia zimeganda usizime, subiri, itajirestati yenyewe mara kadhaa.

Kinachokwamisha mashine nyingi za zamani ni TPM 2.0, kifaa cha usalama ambacho Windows 11 inakidai, na wakati mwingine ipo ila imezimwa tu kwenye BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka), so angalia huko kwanza kabla hujaambiwa ununue kompyuta nyingine.