"Anachora Vijiti Tu": Wanayokosea Watu Kuhusu Don Hertzfeldt

Jumamosi mchana vijana huja sebuleni kwangu Buruburu kujifunza kuhuisha michoro ya mkono, yaani kuifanya ionekane ikitembea kwenye filamu. Meza ya taa tulijiundia wenyewe: mbao, kioo cha dirisha na taa ya umeme chini yake. Kila kundi jipya mimi hulionyesha kazi za Don Hertzfeldt, mhuishaji Mmarekani aliyezaliwa California mwaka 1976, na kila mara maneno ni yale yale. Wazazi wanaokuja kuwachukua watoto wao huyarudia. Nayaandika kwa sababu nimeona yakimvunja moyo mtu mwenye kipaji kabla hajamaliza bunda la kwanza la karatasi.

"Huyu hajui kuchora"

Hili ndilo kubwa. Watu wa Hertzfeldt wana kichwa cha duara, nukta mbili za macho, na mstari mmoja mmoja kwa kila mkono na mguu. "Hata wa chekechea anaweza," aliniambia baba mmoja akiwa amesimama mlangoni.

Angekuwa sahihi kama filamu ingekuwa picha moja ya kutundika ukutani. Lakini sekunde moja ya filamu ina fremu 24, yaani picha tuli zinazofuatana. Ukiuacha kila mchoro ukae fremu mbili, kama wahuishaji wengi wanavyofanya, bado unahitaji michoro 12 kwa sekunde, yaani 720 kwa dakika. Anayefanya kazi peke yake akianza kumchorea kila mhusika mikunjo ya shati na vivuli vya pua, atachoka kabla hajafika kwenye mwendo wenyewe. Hertzfeldt alipunguza mistari ili abaki na nguvu ya kuchora kitu kigumu zaidi, nacho ni muda. Tazama jinsi mhusika wake anavyosita kabla ya kujibu, au jicho linavyohama kidogo tu baada ya habari mbaya. Mtu aliyechorwa kwa mistari sita anakuliza. Hiyo si bahati.

Sisi tuliokua tukisoma Taifa Leo tulipaswa kuliona hili mapema. Edward Gitau alituchorea katuni ya Juha Kalulu kwa miaka mingi, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba Juha hafanani na mtu wa kwenye picha ya pasipoti. Tulimjua kwa jinsi alivyosimama.

Halafu kuna kazi isiyoonekana kwa haraka. Filamu yake ndefu ya mwaka 2012, *It's Such a Beautiful Day*, ina dakika 62, nayo imeunganishwa kutoka filamu fupi tatu zilizomchukua miaka. Inamhusu Bill, mwanamume mwenye kofia ambaye akili na kumbukumbu vinaanza kumtoroka. Mara nyingi skrini inakuwa giza lenye vidirisha vidogo, kila kimoja na tukio lake. Vijana wangu wote hudhani ni kompyuta. La. Alitumia kamera ya kuhuisha ya milimita 35 iliyoundwa miaka ya 1940, dude kubwa linalotazama chini mezani. Alifunika sehemu ya picha, akaacha tundu dogo chini ya lenzi, akapiga tukio la kwanza fremu baada ya fremu. Kisha alirudisha ukanda ule ule nyuma, akahamisha tundu, akapiga la pili juu yake. Ukikosea kwenye kidirisha cha mwisho, umeviharibu vyote. Anayesema huyo hajui kazi hajawahi kujaribu hata vidirisha viwili. Sisi tulijaribu kwa simu na kadibodi, na ilitumaliza siku nzima.

"Yale ni matangazo ya biashara aliyokataliwa"

*Rejected*, ya mwaka 2000, inajionyesha kama mkusanyiko wa matangazo ambayo mchoraji alitengenezea makampuni, nayo yakayakataa. Wengi waliokutana na vipande vyake mtandaoni bado wanaamini hivyo. Ni hadithi ya kubuni kutoka mwanzo hadi mwisho. Baada ya filamu zake za chuoni kupata sifa, watengeneza matangazo walimfuata, naye akawakataa wao. Mwishoni mwa filamu hiyo ulimwengu wa wahusika unabomoka, na karatasi unayoiona ikikunjamana ni karatasi halisi aliyoikunja na kuipiga picha hatua kwa hatua. Iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar.

"Katuni ni za watoto"

Sitakaa sana hapa. Bill anamzika mama yake, anaugua, na anasahau njia ya nyumbani. Mzazi asimwekee mtoto wa miaka mitano filamu hiyo kwa kuwa tu imechorwa. Naye mtu mzima asiikimbie kwa sababu hiyo hiyo.

"Alipoanza kutumia kompyuta aliuacha mkono"

Mwaka 2015 alitoa *World of Tomorrow*, yenye dakika kama 17, na hiyo ndiyo filamu yake ya kwanza ya kidijitali. Ilishinda tuzo kuu ya filamu fupi katika tamasha la Sundance huko Marekani na kumrudisha kwenye orodha ya Oscar. Wapo wapenzi wa karatasi waliosikitika. Lakini kalamu ya kibao cha kielektroniki nayo inashikwa na mkono, na yule mtu wa vijiti bado anachorwa mstari kwa mstari. Kilichobadilika ni kwamba hahitaji tena ukanda wa filamu wala maabara ya kuusafisha.

Ninachokipenda zaidi katika filamu hiyo hakina uhusiano na kifaa. Sauti ya mtoto ni ya mpwa wake, aliyekuwa na miaka minne. Mtoto wa umri huo hawezi kusoma mistari ya mchezo, kwa hiyo alimrekodi akicheza, akichora na kuongea yake, kisha akaijenga hadithi kuzunguka maneno hayo. Mtoto anazungumza mambo yake, na mtu mzima aliyetoka siku za mbali zijazo anamjibu kwa huzuni. Kwa yeyote mwenye simu ya kurekodi na mtoto nyumbani, sijui somo bora zaidi.

"Bila studio huwezi kuishi kwa kazi hii"

Hertzfeldt ameishi kwa filamu zake mwenyewe tangu alipomaliza Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara: kuzizungusha kwenye kumbi, kuuza nakala, na pesa ya moja ikagharimia inayofuata. Mwaka 2003 yeye na mhuishaji mwenzake Mmarekani, Mike Judge, walianzisha maonyesho ya kutembeza filamu fupi za wahuishaji katika kumbi za sinema. Sitamdanganya kijana wa Nairobi kwamba njia hiyo iko wazi hapa vile vile. Kumbi zetu ni chache. Na studio si adui. *Tinga Tinga Tales*, katuni za watoto za televisheni, ilihuishwa hapa hapa Nairobi na timu kubwa, na mtu hujifunza mengi katika timu. Ila Ng'endo Mukii, Mkenya, alitoa *Yellow Fever* mwaka 2012, filamu fupi inayochanganya uhuishaji na watu halisi kuzungumzia ngozi zetu na krimu za kujichubua. Ni filamu ya sauti moja inayojua inachotaka kusema, na imetembea duniani.

Binti mmoja kwenye kundi letu sasa anamchora makanga anayening'inia mlangoni mwa matatu: duara, mistari mitano, na mkono unaopiga bodi. Filamu yake itakuwa ya dakika mbili, yaani michoro 1,440. Jumamosi iliyopita alifika wa 310, akaurudia ule wa 298 mara nne kwa sababu mkono ulikuwa unagonga kabla ya gari kusimama.