Faundesheni haipimwi mgongoni mwa kiganja
Wengi huamini kwamba faundesheni (kipodozi cha kusawazisha rangi ya uso) inayolingana na mgongo wa kiganja ndiyo itakayofaa usoni. Sivyo, kwa sababu ngozi ya mkono na ya uso hazipigwi na jua kwa kiasi kimoja, na mara nyingi hutofautiana rangi. Paka mstari mwembamba kutoka shavuni, kupitia tayani hadi shingoni, usubiri kama dakika 10, kwani baadhi ya aina hukolea zikichanganyika na mafuta ya ngozi, kisha uitazame nje kwenye mwanga wa mchana, maana taa za dukani hudanganya. Inayopotea ndani ya ngozi ndiyo yako. Kuchagua iliyo nyeupe zaidi, jambo linalonisikitisha sana, huacha uso wa kijivu juu ya shingo nzuri ya kahawia.