Geji za gari la kale hazijafa, usikate dashibodi

Geji ya mafuta inaonyesha tangi limejaa wakati halijajaa, ya joto inagusa nyekundu ilhali injini haijachemka, na mwenye gari kesha hukumu: "Hizi za zamani zimekufa. Ng'oa, weka skrini." Nimeyasikia maneno haya mno, na yananiuma, maana dashibodi ya miaka ya 1960 ikishakatwa tundu hairudi ilivyokuwa.

Geji mbili haziharibiki siku moja kwa namna moja. Zikikosea pamoja, tafuta kinachozilisha zote mbili. Katika magari mengi ya Uingereza ya miaka ya 1960 na 1970 yenye geji za kampuni ya Smiths, geji hizo hazipokei volti 12 za betri moja kwa moja. Nyuma yake kuna kidhibiti volti: kikopo cha bati chenye utepe wa metali mbili unaopinda ukipata joto, ukikata na kuunganisha umeme ili wastani uwe volti 10. Utepe ukiganda umeunganisha, au kikopo kikipoteza athi (muungano wake na bodi ya gari), umeme wote wa betri hupita na mishale yote miwili hupanda. Ukiganda umekata, yote hulala chini.

Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, safisha athi! Kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, kaza skrubu, kisha tazama tena. Tatizo likibaki, fungua kikopo, toa utepe, weka ndani yake regyuleta ya elektroniki ya volti 10, kirudishe mahali pake. Hakuna jicho litakalogundua. Ila gari lenye athi chanya, yaani upande chanya wa betri ndio umeungwa kwenye bodi, linataka regyuleta ya upande hasi, si ile ya kawaida.

Ikikosea geji moja tu, pima sensa yake, yaani kifaa cha kwenye tangi au injini kinachoipa geji kipimo. Na ukinunua sensa mpya ya tangi, linganisha ukinzani: iliyotengenezwa kwa omu 240 (tupu) hadi 33 (limejaa) haielewani na geji inayotaka 10 hadi 180. Tangi likijaa itasoma karibu tupu.

Kuna na maneno mengine ninayoyasikia. "Balbu zote za dashibodi ziwe LED." Za kuangazia geji, sawa. Taa ya chaji iache. Alteneta (mashine inayochaji betri) nyingi za zamani huamshwa na mkondo unaopita kwenye balbu hiyo, mara nyingi ya wati 2.2. LED peke yake hupitisha kidogo mno, na alteneta inaweza isianze kuchaji.

"Redio ya kisasa lazima ikatiwe nafasi." Hapana. Saketi ya FM na Bluetooth huingia ndani ya kasha la redio ileile, na vitufe vya awali vikaendelea kufanya kazi. Hapa tena angalia athi chanya, kwa sababu kwenye gari la namna hiyo kasha la redio likigusa bodi ya gari kuna kitu kinaweza kuungua.

"Alteneta kubwa haidhuru ammita ya zamani." Hili ni la hatari. Ammita ni geji inayopima mkondo wa umeme. Karibu umeme wote wa gari, isipokuwa wa stata, hupita kwenye ammita hiyo, na iliyoundwa kwa ampea 30 ikilazimishwa kubeba 60 hupata joto la kuwasha moto nyuma ya dashibodi. Badala yake weka mtambo wa voltimita, yaani kipima volti, nyuma ya uso uleule. Zile nyaya nene mbili za ammita ziunganishe pamoja kwa nguvu na uzifunike vizuri, la sivyo gari zima litakosa umeme.