Kuvua juu ya ziwa lililoganda: chunguza maji ya chini kabla ya kuiamini barafu

Kila mwaka vijana kutoka Mbeya, Njombe na Iringa huondoka kwenda kusoma Ufini, Kanada au Urusi, na baadhi yao, wakishaalikwa na wenyeji wao kwenda kuvua juu ya barafu, huniandikia kuniuliza swali lile lile: je, mtu aliyekulia kwenye sakitu (umande ulioganda) ya Makete anaweza kutembea kwa amani juu ya ziwa? Mimi ni mtaalamu wa ikolojia ya samaki. Kazi yangu ya kila siku ni Ziwa Nyasa na mabwawa ya samaki ya nyanda za juu, lakini masomo yangu ya juu niliyafanya mashariki mwa Ufini, ambako maziwa hukaa yameganda kwa miezi kadhaa na uvuvi hausimami. Jibu langu huanzia chini ya barafu, kwa kuwa huko ndiko kunakoamuliwa mambo mawili kwa pamoja: kama samaki wapo, na kama barafu itakubeba.

Maji yasiyo na chumvi huwa mazito zaidi yakiwa na takribani nyuzi joto 4. Majira ya baridi yanapokaribia, maji ya juu hupoa, huzama, na yale ya chini hupanda kuchukua nafasi yake, mpaka ziwa zima likaribie nyuzi hizo 4. Kuanzia hapo mambo hugeuka: maji yanayozidi kupoa huwa mepesi, hubaki juu, hufika sifuri na kuganda, na barafu yenyewe, kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji, huelea. Ndiyo maana samaki wa ziwa la Ufini hupitisha miezi yote ya baridi wakiwa hai, sakafu ya ziwa ikiwa na nyuzi kama 4 wakati hewa ya juu imeshuka hadi 25 chini ya sifuri.

Ziwa Nyasa haliwezi kufika huko. Hata kwenye kina chake kikubwa, takribani mita 700, maji hayashuki chini ya nyuzi 22. Kitulo nako, kwenye nyanda za juu za Makete, usiku wa Juni na Julai mbingu inapokuwa haina mawingu, ardhi hupoteza joto haraka na asubuhi nyasi huonekana nyeupe, pengine na utando wa barafu kwenye ndoo iliyolala nje, lakini jua likipanda utando huo huyeyuka. Ili ziwa ligande na kubeba watu, wastani wa joto la usiku na mchana lazima ukae chini ya sifuri kwa majuma. Kuzoea sakitu kutakusaidia kuchagua mavazi. Kuhusu barafu, anza kujifunza upya.

Uvuvi wenyewe ni wa vifaa vichache. Mvuvi hutoboa tundu kwa kekee ndefu ya mkono yenye upana wa sentimita 15 hivi, huondoa vipande vya barafu kwa upawa wenye matundu, kisha hukaa juu ya kigoda na ufito mfupi usiozidi urefu wa mkono. Chambo hushushwa mpaka kiguse sakafu, hupandishwa kiasi cha kiganja, huchezeshwa kidogo na kuachwa kitulie. Huo utulivu ndio wanaoukosa wageni. Samaki ni kiumbe ambaye joto la mwili wake hufuata la maji, na kwa nyuzi 4 mmeng'enyo wake na mwendo wake hupungua sana, kiasi kwamba hakimbilii chambo kinachorukaruka. Yule mwenye milia myeusi na mapezi mekundu, ambaye Wafini humwita ahven, hukisogelea, hukitazama, kisha hukifyonza kwa mdomo, na kinachoonekana juu ni kutikisika kidogo tu kwa ncha ya ufito. Tofauti ni made, samaki ambaye karibu jamaa zake wote huishi baharini: yeye huchangamka kwenye baridi na hutaga mayai katikati ya majira hayo, chini ya barafu, na wavuvi humfuata usiku. Kwa ufito huu wa kawaida Mfini na mgeni huvua bila kulipia leseni, jambo ninaloliona kuwa la heri kubwa kwa mwanafunzi.

Kuhusu mahali pa kutoboa, fikiria hewa. Barafu huzuia oksijeni kuingia majini kutoka juu, na theluji nzito ikiifunika huzuia mwanga, hivyo mimea ya majini huacha kutengeneza oksijeni huku uozo wa sakafuni ukiendelea kuila. Katika maziwa mafupi ya kina, samaki huweza kufa kwa wingi kabla barafu haijayeyuka. Wavuvi wa Matema wanaishi na jambo la jamii hiyo bila barafu yoyote: chini ya mita 250 hivi Ziwa Nyasa halina oksijeni, kwa sababu tabaka za maji yake hazichanganyiki kikamilifu, na hakuna wavu utakaoleta samaki kutoka huko.

Sasa unene. Barafu mpya, angavu, inayoelekea weusi, ikifikia sentimita 10 huhesabiwa kuwa inamtosha mtu anayetembea kwa miguu. Barafu nyeupe, iliyotokana na theluji iliyolowa ikaganda tena, ina viputo vingi vya hewa na nguvu yake huhesabiwa nusu, hivyo idai maradufu ya unene huo. Pima kila baada ya hatua kadhaa, kwa maana unene wa ufukweni hauelezi wa katikati. Mwishoni mwa majira, barafu nene hugawanyika ndani kwa ndani kuwa vijiti vya wima visivyoshikana. Hapo sentimita 40 hazina maana yoyote.

Kwa mito, ushauri wangu ni kwamba mgeni asiende kabisa. Mkondo huchanganya maji, kwa hiyo mto haubaki na tabaka za ziwa. Maji yote hushuka hadi karibu na sifuri kuanzia juu mpaka chini, na kasi ya mkondo huimomonyoa barafu kutoka upande usioonekana, hasa penye kona za nje, chini ya madaraja na kwenye maingilio ya vijito. Zaidi ya hayo, kina cha mto hupungua baada ya kuganda, na barafu hubaki inaning'inia juu ya uwazi kama lile jabali la Daraja la Mungu juu ya Mto Kiwira, isipokuwa haina uimara wa jabali.

Ukitumbukia, pumzi itakukatika kwa takribani dakika moja. Kazi yako ya kwanza ni kuituliza. Kisha una kama dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inakutii. Geukia ulikotokea, kwa kuwa barafu hiyo ilikwisha kukubeba, choma barafu kwa pini mbili zenye ncha kali zinazovaliwa shingoni ili ujivute, piga miguu ukiwa umelala, na ukishatoka biringika; usisimame.

Hatari ya mwisho mnaijua nyumbani. Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa huua watu wetu majira ya baridi, na gesi ile ile, kaboni monoksaidi, hutolewa na jiko la gesi ndani ya hema la kuvulia. Acha nafasi ya hewa chini na juu ya hema, na kichwa kikianza kuuma au kichefuchefu kikija, toka mara moja na umtoe mwenzako, hata kama samaki amekwisha kushika ndoana.