Ombeni chumba cha swichi kabla zege halijamwagwa

Mara ya kwanza nilipoitwa kufunga mtandao kwenye jengo jipya la chuo hapa Kigoma, slabu ya ghorofa ya pili ilikuwa imeshakauka. Kwenye ramani, sehemu ya mawasiliano, yaani chumba cha swichi (vifaa vinavyounganisha nyaya za mtandao), iliandikwa "stoo": chini ya ngazi, ukuta mmoja na vyoo. Vijana wangu walimaliza wiki mbili na tindo na nyundo, wakitindua kuta ambazo wenzao walizipiga lipu juzi tu.

Tangu hapo naianzia kazi mezani kwa msanifu, na swali langu la kwanza halihusu kasi ya intaneti. Mkongo wa Taifa, njia kuu ya intaneti ya nchi, ulishafika Kigoma zamani. Ninachouliza ni hiki: kona ya mbali kabisa iko meta ngapi kutoka kwenye raki, kabati la kufungia swichi? Kwa kiwango cha kimataifa cha nyaya za majengo, ISO/IEC 11801, kebo ya shaba kutoka raki hadi soketi ya ukutani isizidi meta 90. Meta 10 zinazobaki kufikia 100 ni za zile kebo fupi za kwenye raki na mezani.

Tatizo ni kupima kwa rula kwenye ramani, mstari mnyoofu. Kwenye jengo moja rula ilitoa meta 63 kutoka raki hadi ukumbi wa mihadhara wa mwisho, kila mtu akaridhika. Nikachukua futi ya kupimia, nikafuata njia ya kebo. Korido meta 58, kata kona, 24 nyingine: 82. Panda 2 kutoka raki hadi trei ya darini, shuka 3 hadi soketi, acha 4 za akiba. 91. Chumba tukakihamishia katikati ya jengo, na vya ghorofa za juu vikapangwa hapohapo, kimoja juu ya kingine, nyaya zishuke wima. Mhadhiri mmoja alikosa ofisi. Sidhani kama amenisamehe.

Soketi za mezani siku hizi napunguza, wanafunzi wanakuja na simu. Nyingi nazipeleka darini kwa ajili ya waifai, na huko natumia kebo ya shaba ya daraja la Cat 6A: ya chini yake, Cat 6, kwa kasi ya gigabiti 10 kwa sekunde huishia meta 55 hivi.

Kati ya jengo na jengo sina mjadala, ni faiba, kebo ya nyuzi za kioo, isiyo na chuma ndani. Shaba ukiizika nje, radi za masika zitaisafiria hadi kwenye swichi.

Halafu kuna mteremko. Ardhi yetu inashukia ziwani, na bomba la inchi 4 kati ya jengo la juu na la chini, mdomo ukiachwa wazi kwenye chemba, ni mfereji kamili. Asubuhi moja baada ya mvua nilifungua raki ya jengo la chini nikakuta tope jekundu limefika swichi ya kwanza. Na chura. Sasa kipande kinachoingia jengoni nakitaka kiinamie chemba, na midomo yote inazibwa, hata ya bomba tupu.

Maana bomba tupu lazima liwepo. Panapohitajika moja nazika mawili, na mkandarasi huniuliza la pili la nini. Ndani yake naacha kamba ya nailoni ya kuvutia kebo siku ikihitajika, imefungwa pande zote mbili.

Jengo lile la kwanza halina kamba wala bomba. Juzi wamenipigia, wanataka kamera za ulinzi kila korido. Tindo zimeshapakiwa kwenye gari.