Kuchovya vidole kwenye beseni si kunawa

Saa nne asubuhi, kengele ya uji. Darasa la pili wamepanga foleni mbele ya beseni. Kila mmoja anachovya vidole, anajifuta kwenye kaptula au sketi, anachukua kikombe. Anapofika wa kumi na tano, maji yameshakuwa rangi ya chai ya maziwa. Sisi walimu tunaandika: wanafunzi wamenawa.

Beseni la pamoja linagawa uchafu. Yanatakiwa maji yanayotiririka, hata yakiwa kidogo, na hapo kibuyu chirizi kinatosha: dumu la lita tano lenye tundu, kamba, na kijiti cha kukanyaga ili mtoto asiguse dumu.

Dhana: mikono isiyoonekana chafu inatosha kusuuzwa. Sivyo. Vijidudu vinanata kwenye mafuta ya ngozi, na maji peke yake hayaondoi mafuta; sabuni ndiyo inayoyabandua. Mpake mtoto mafuta ya kula viganjani, mnyunyizie vumbi la chaki ya rangi, anawe kwa maji matupu. Rangi itabaki, hasa kwenye dole gumba na katikati ya vidole. Kisha mpe sabuni. Hapo huna haja ya kuhubiri.

Lile jaribio maarufu la pilipili manga nimeliacha. Unajua lilivyo: kidole chenye sabuni kinagusa maji ya sahani, pilipili inakimbilia pembeni, darasa zima linashangilia. Lakini mtoto anaondoka akiamini vijidudu vinaiogopa sabuni, basi akiigusa tu kazi imekwisha. Pilipili inasogea kwa sababu sabuni inalegeza mvutano wa uso wa maji. Mkononi kazi ni kusugua, walau sekunde 20.

Maji ya moto hayana ulazima. Joto linaloua vijidudu lingemuunguza mtoto kwanza. Sabuni "yenye dawa" nayo isiwatoe pesa: mwaka 2016 Marekani ilipiga marufuku viambato 19 vya sabuni hizo, triclosan kikiwemo, kwa kuwa watengenezaji hawakuthibitisha kwamba ni salama kwa matumizi ya kila siku na kwamba vinaishinda sabuni ya kawaida. Kitakasa mikono kinafaa safarini, si kwa mtoto aliyetoka kucheza kwenye tope. Mayai ya minyoo hayatishwi nacho.

Halafu ile kauli ya ofisini: "Ukiweka sabuni nje, watoto wataiba." Shule moja niliyofundisha, sabuni ilikaa kabatini chini ya kufuli hadi tarehe 15 Oktoba, Siku ya Kunawa Mikono Duniani, wageni walipokuja. Watoto waliimba wimbo wa kunawa bila kukosea hata neno. Kesho yake sabuni ilirudi kabatini.

Chukua chupa ya lita moja na nusu, tia vijiko viwili vya sabuni ya unga, jaza maji, tikisa, toboa kifuniko kwa msumari. Ifunge kwa kamba kando ya mlango wa choo. Sijaona bado mtoto aliyeiba povu.